Siku Niliyofungia Sauti ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kukaa. Ofisini kwetu mjini Wote, ninakotengeneza kompyuta za watu, wenzangu husema mashine ikichelewa kuwaka mimi huzunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni kweli. Kusubiri huniwasha mwili mzima. Kwa hiyo anayenijua ataelewa jinsi ile Ijumaa ya nyumbani kwa baba mkwe, nje kidogo ya Migwani, ilivyonitesa. Karibu siku nzima nilisubiri, na nilichokuwa nasubiri ni kujua kama nimempotezea mzee sauti ya mke wake.

Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alipokuwa mgonjwa, baba mkwe alimrekodi kwa laptop yake. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na eneo lote humwita Mwalimu, basi, kana kwamba hakuna mwingine. Hakurekodi kwa mpango wowote. Alikuwa akiiwasha tu laptop, anaiweka kwenye stuli kando ya kitanda, na mama anaongea: anaomba, anaimba nyimbo za kanisani, anawatumia wajukuu salamu, anamgombeza mumewe. Baada ya mazishi, kila jioni Mwalimu akishakula alikuwa akiingia chumbani na kufunga mlango, na sisi tuliokuwa sebuleni tukisikia sauti ya mama ikipita chini ya mlango, ndogo, kama redio ya jirani. Aliyekuwa na neno alilimeza mpaka sauti inyamaze.

Sasa laptop hiyo ilikuwa imechoka. Ilichukua muda mrefu kuwaka hivi kwamba ungeweza kuchemsha chai ukainywa, na ikishawaka ilijizima yenyewe ikijisikia. Jumamosi kulikuwa na ibada ya kumkumbuka mama, na Mwalimu alikuwa amewaahidi akina mama wa kanisa kwamba watamsikia akiomba. Akaogopa isije ikamwaibisha mbele ya watu. Akamwambia mume wangu, naye mume wangu akaniambia mimi, kwamba mzee anaomba niiwekee mfumo mpya wa kuiendesha.

Angeweza kuniambia mwenyewe. Nilikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka alipokuwa. Lakini sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mtu na wakwe zake. Kuna nyumba ambazo siku hizi wameilegeza, wanasalimiana kwa mikono na kula meza moja. Kwetu huko Wote, mjini, niliisikia tu kwa nyanya. Halafu nikaolewa. Siku ya kwanza nilimpelekea Mwalimu mkono kwa furaha zangu zote, naye akaurudisha wake mgongoni taratibu, akatazama miguu yake, akasema, “Karibu sana, mama.” Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo nilijifunza. Sikai karibu naye. Simpi kitu mkononi, nakiweka mezani achukue. Chumbani kwake siingii, hata kufagia. Naye huniongelesha kwa Kiswahili sanifu, kile cha darasani, ilhali wengine wote nyumbani anawaongelesha Kikamba. Sikuwahi kuona ni ubaya. Anaheshimu hivyo, na mimi pia.

Basi Ijumaa asubuhi wifi yangu akaniletea laptop verandani, mahali pekee penye mtandao wa maana katika boma lile. Nilianza kazi vizuri. Nilitaka kupandisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani bila kugusa chochote, lakini ukakataa katikati, nafasi haitoshi. Nikajaribu tena, ukakataa tena. Nikaanza kuwashwa. Nikaona bora nifute ule wa zamani kabisa, niweke mpya safi. Halikuwa jambo la kutisha, kwa sababu diski ya Mwalimu ilikuwa imegawanywa sehemu mbili: moja ya mfumo, nyingine ya vitu vyake. Ningefuta ya kwanza, ya pili ningeiacha kama ilivyo.

Kazini kuna kitu ambacho huwa nakifanya kabla ya kufuta mashine ya mtu yeyote. Nafungua kila folda yake, naangalia faili zinafunguka, nanakili pembeni. Hata awe mkubwa wa namna gani, faili zake nitazipitia. Siku hiyo nilifika kwenye sehemu ya pili ya diski, nikaona folda zimepangwa kimwalimu: Mitihani, Mahubiri, Picha, Mama. Nikapeleka kishale juu ya hiyo ya mwisho. Mkono ukagoma. Ilikuwa sawa na kuinua pazia la chumba chake cha kulala nichungulie. Nikatoa mkono, nikajiambia kwamba vitu vya mzee nitavipitisha vikiwa vimefunikwa, kama mtu anavyobeba godoro la mgeni bila kukung'uta shuka. Nikafuta sehemu ya kwanza, nikaweka mfumo mpya, nikamfungulia akaunti kwa jina lilelile alilokuwa akitumia, Mwalimu. Ikawaka kwa kasi mpaka nikacheka peke yangu. Nikampa wifi airudishe, nikaenda kuchambua mbaazi nikijisifu.

Mbaazi hazikuwa zimefika nusu sufuria nilipomwona wifi anarudi, laptop ameishika kwa mikono miwili mbele yake kama sinia ya chai.

“Baba anasema imemkataa,” akasema. “Ati inamwambia hana permission. Sasa permission ya nini na ni laptop yake?”

“Ni kitu kidogo,” nikamwambia. “Leta.”

Na kweli kilikuwa kidogo, au nilidhani. Kompyuta haimtambui mtu kwa jina. Nyuma ya jina kuna namba ndefu ambayo mwenyewe haioni, na faili zote zimeandikwa kwamba ni za namba ile. Mimi nilikuwa nimemfungulia Mwalimu akaunti mpya yenye jina lilelile, lakini namba nyingine. Nikamweleza wifi hivi: mjukuu anaweza kupewa jina la babu yake, lakini hawezi kuamka asubuhi akauza shamba la babu kwa sababu majina yanafanana. Akaelewa mara moja. Akacheka, akaketi kwenye mkeka kunitazama.

Nikabofya folda, nikaingia kwenye sifa zake, sehemu ya usalama. Pale kwa mwenye mali palikuwa na namba tupu isiyo na mtu. Nikaifuta hiyo namba, nikaandika Mwalimu, nikaamuru mabadiliko yashuke mpaka ndani ya kila folda na kila faili. Halafu nikampa haki zote: kusoma, kuandika, kufuta. Kidirisha kikaanza kupitisha majina ya faili mbio mbio. Nikasimama, nikakaa. Nikaenda mpaka kwenye tangi la maji, nikafunga mfereji ambao ulikuwa umefungwa. Nikarudi. Mitihani ikafunguka. Mahubiri yakafunguka. Picha zikajaa kioo kizima, na wifi akapiga makofi kwa kuona sketi aliyoivaa akiwa darasa la saba.

Folda ya Mama nayo ikafunguka. Sasa sikuwa na njia ya kutoitazama. Ndani kulikuwa na safu ndefu ya faili za sauti, na majina yote yalikuwa ya kijani.

Mtu wa kazi yetu anajua kijani hicho. Ruhusa ni kama mlango: umefungiwa nje, unabadilisha kitasa, unaingia. Lakini faili ya kijani imevurugwa yenyewe ndani kwa ndani, na haiwezi kurudi kuwa sauti bila ufunguo, ambao ni faili nyingine ndogo. Ufunguo huo hukaa ndani ya akaunti ya aliyefunga. Na akaunti hiyo nilikuwa nimeifuta asubuhi nikicheka.

Nilibofya moja hata hivyo. Imekataa. Nikabofya nyingine. Imekataa. Nikabofya ya tatu kwa nguvu, kana kwamba shida ni kidole.

“Nini?” wifi akauliza. “Mbona umekuwa hivyo?”

“Kamwulize baba kama kuna siku alizifungia hizi za mama.”

Akaenda. Nikazunguka nyumba. Sikumbuki nilifikiria nini, najua tu kwamba nilizunguka nyumba ile yote na mbuzi aliyefungwa nyuma akanitazama nikipita, na nikamchukia kwa kutulia kwake. Niliporudi verandani wifi alikuwa ameshafika.

“Anasema ndio, alifunga. Ni juu ya hawa watoto. Likizo ile ingine walikuwa wanacheza game, wakafuta moja. Akaonyeshwa na mwanafunzi wake wa kitambo vile unaeka tick mahali, watoto wasiguse.”

Nikampigia mume wangu. Alikuwa Mwingi, ameenda sokoni kutafuta mbuzi wa kuongezea kwa ajili ya ibada, na nyuma ya sauti yake malori yalikuwa yanapiga honi.

“Nimefuta ufunguo wa zile sauti za mama,” nikasema.

“Ufunguo gani?”

“Zinaweza kuwa zimeenda. Zote.”

Mbuzi kadhaa wakalia upande wake wa simu. “Umemwambia?”

“Nimwambie vipi? Wewe ndiye mtoto wake. Njoo umwambie.”

“Niko Mwingi! Nitafika jioni. Na jioni atakuwa ashaanza kungoja kuskiza. Si unajua saa yake?” Akapumua. “Ongea na yeye tu. Wewe ndio unajua hiyo kitu.”

Nilikata simu bila kuaga. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na yule mtu aliyemwonyesha mzee mahali pa kuweka alama halafu asimweleze alichofanya. Nilikuwa na hasira hata na nthoni. Mtu wa kawaida angemwuliza mzee asubuhi, uso kwa uso, “Baba, kuna kitu umefungia humu?” na mzee angemjibu. Yeye alijua amefunga, lakini angetajaje mambo ya mkewe kwa mke wa mwanawe? Mimi nilijua sharti nifungue kwanza, lakini ningefunguaje? Tulikuwa tumeheshimiana vizuri sana, sote wawili, mpaka tukafika pale.

Kulikuwa na tumaini moja. Mtu akifunga faili kwa njia ile, mfumo humwonya ahifadhi nakala ya ufunguo mahali pengine, nje ya kompyuta. Onyo hilo hutokea kwenye kona ya kioo, na katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mtu amelitii. Watu hulifunga kama wanavyomfukuza nzi. Lakini ilibidi aulizwe, na kumwuliza kungekuwa kumwambia.

“Wifi,” nikasema, “rudi kwa baba. Mwambie ufunguo wa zile sauti umefutika pamoja na mfumo wa zamani. Mwulize kama aliwahi kuhifadhi nakala yake. Mwambie kama hakuna nakala, basi...”

“Basi nini?”

“Basi hazitafunguka.”

Akaniangalia. Ni binti mwenye mzaha, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Ni mama yake tuliyekuwa tunamzungumzia.

“Hapana,” akasema. “Hiyo siibebi. Maji nimebeba, laptop nimebeba, maneno nimebeba tangu asubuhi. Hiyo utampelekea mwenyewe.”

Nikaenda. Kutoka verandani mpaka mlango wa chumba cha Mwalimu ni mwendo wa kupita sebule tu, lakini nilifunga leso upya, nikapangusa mikono, nikageuka nikarudi, kisha nikaenda tena. Mlango ulikuwa umerudishwa, haujafungwa. Nikasimama pembeni yake, nje, nikitazama ukuta.

“Baba.”

“Naam.”

Nikasema yote bila kupumua. Kwamba nimefuta mfumo wa zamani. Kwamba sikuwa nimekagua folda yake kwanza. Kwamba ufunguo umeenda nao, na kama hana nakala, sauti za mama haziwezi kurudi, si kwangu wala kwa fundi yeyote. Sauti yangu ilipanda mwishoni ikawa kama ya mtoto. Nikasema pole. Nikasema tena pole. Halafu nikabaki natazama mahali ambapo rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka.

Ndani kitanda kikalia, kama mtu ameketi, au amesimama.

“Mbona hukufungua?” akauliza hatimaye.

“Niliona si vizuri, baba. Ni vitu vyenu.”

Mimi na kusubiri hatupatani. Nilikuwa karibu kukimbia.

“Kilitokea kidirisha,” akasema polepole, “kikaniambia nihifadhi ufunguo wangu mahali salama. Nikafuata maelekezo. Sikufahamu ni wa nini, lakini mtu akipewa maelekezo huyafuata. Nimewafundisha watoto hivyo maisha yangu yote.”

Nilishika fremu ya mlango. “Uliuhifadhi wapi?”

“Katika kile kidude cha mahubiri.”

Kidude cha mahubiri ni flash ambayo Mwalimu huenda nayo kanisani. Nikasikia droo inavutwa. Nilitarajia aiweke sakafuni karibu na mlango niichukue, kama tulivyozoea. Badala yake mlango ukafunguka akatoka, nami nikarudi nyuma kwa haraka mpaka nikagonga kabati la vyombo. Akapita akielekea verandani, akatazama mbele tu, flash ameifumbata.

Akaiweka mezani. Nikaichomeka. Kati ya mahubiri kulikuwa na faili moja fupi ambayo sijawahi kufurahia kuiona namna ile. Nikaibofya, mfumo ukaanza kuipokea, kisha ukasimama na kuuliza nenosiri.

“Inataka password, baba. Ile uliyoweka siku ile. Ukinitajia nitaandika.”

Alikohoa. Akatazama mbali, upande wa shamba. “Hiyo siwezi kukutajia, mama,” akasema.

Niliona haya masikioni. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu mzima anapoambiwa achague neno ambalo hatalisahau, huenda akachagua neno lisilosemwa mbele ya mkwe. Nikainuka ili nimwachie kiti, nikaanza kushuka ngazi za veranda. Lakini hakuiweza. Herufi zilikuwa zinatokea kama vitone tu, hakujua kama ameandika au hajaandika. Akajaribu, ikakataa.

“Itajifunga?” akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimsikia akiogopa.

“Haijifungi, baba. Jaribu polepole.”

Akajaribu, ikakataa tena. Nilikuwa chini ya ngazi, nimempa mgongo, nakunja na kukunjua ncha ya leso. Nilijua pengine ni kitufe cha herufi kubwa. Nilijua kwa sababu kila siku ni kitufe hicho. Lakini kukiona ningelazimika kwenda kusimama bega kwa bega naye.

“Njoo uketi,” akasema. Alisema kwa Kikamba.

Nikapanda. Wifi akasukuma stuli, nikaketi karibu na Mwalimu kuliko nilivyowahi kuwa, kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya shati lake. Taa ya herufi kubwa ilikuwa inawaka. Nikaizima. Kisha nikageuza uso kuelekea mkeka na kumwacha aandike, nikisikiliza kidole kikishuka kwenye kitufe, kikitafuta, kikishuka kwenye kingine. Lilikuwa neno refu. Mwishoni akabonyeza kitufe cha kuingiza.

Ufunguo ukakubali.

Sikumwuliza kama nifungue. Nilijua sasa kwamba ni lazima nijaribu, na nilijua kwamba si kazi yangu kuchagua ipi. Nikamsogezea laptop, nikamwonyesha kishale. Akabofya ya kwanza aliyoiona, si ile ya maombi.

Kulikuwa na mvumo kidogo, kikombe kikagonga sahani, halafu mama mkwe akasikika, wazi kabisa, kwa Kikamba chake cha haraka, akimwita kutoka mbali kidogo kama mtu aliye jikoni katika siku aliyokuwa na nguvu: “Mwalimu! Bado uko na hiyo mashine? Iache uje, chakula kinapoa.”

“Naja,” Mwalimu akajibu.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu kutoka chumba cha pili, na alikuwa ameshasimama, kiti amekisukuma nyuma, kabla hajakumbuka.